Historia ya Risper Aluoch, Mpishi wa Porini, na Msimu Uliosimama Uriri

Mchungaji na wazee wa kanisa, Chifu wa lokesheni hii, wakwe zetu mliotupokea hapa Rangwe tangu Alhamisi, ndugu zangu mliotoka Uriri, Migori na Rongo, wageni kutoka Nairobi, na ninyi akina mama wa kikundi cha Uriri mliokaa chini ya hema la tatu pamoja na mwenyekiti wenu Mama Nyamoita, mimi ni Mellen Adongo, mwalimu wa baiolojia, binti wa nyumba ya kwanza ya marehemu Mzee Javan Otuoma, nami ndimi niliyepewa na familia kazi ya kusoma historia ya mdogo wangu Risper leo Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1999.

Kabla sijaanza, ni lazima niseme jambo ambalo wengi wenu mnalijua na mmekuwa mkilinong'ona tangu asubuhi. Kila mwaka mvua za masika zinaposhika, akina mama arobaini na sita wa Uriri huchuma mboga za porini, huzikausha na kuziuza kwa kampuni ya viungo iliyodhamini kipindi cha televisheni cha marehemu, lakini kwa desturi ya boma letu hakuna anayechuma kabla nyumba ya kwanza haijachuma kapu lake. Mwaka jana nyumba ya kwanza haikuchuma, na lori likarudi tupu. Mwaka huu mboga zimeshaota, mama yangu Marcella, aliye mwenye nyumba hiyo, amesema atafanya nitakavyosema mimi, na Jumatatu usiku niliwaahidi akina mama hawa kwamba nitawajibu leo, hadharani, nikishamaliza kusoma, kwa kuwa jibu lisilotanguliwa na historia yake lingekuwa ni jibu la nusu.

Risper Aluoch alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, katika kijiji chetu kilicho karibu na soko la Uriri, katika wilaya iliyokuwa ikiitwa Nyanza Kusini na ambayo sasa ni Migori, akiwa mtoto wa pekee wa mke wa pili wa baba yetu, Mama Bosibori, aliyeolewa kutoka upande wa Kisii. Mama Bosibori alifariki mwezi Novemba 1966, Risper akiwa na umri wa miaka saba na miezi saba, na jioni ya siku ileile ya mazishi mama yangu Marcella alimshika mkono, akamvusha ua, akamlaza kitandani kwangu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwezi wa Januari uliofuata nilikwenda shule ya bweni, kwa hiyo kitanda kile kikawa chake, na pamoja na kitanda akapata jiko, kinu, njia ya kwenda mtoni, na mama yangu kuanzia asubuhi hadi jioni kwa muda wa miaka kumi. Nilirudi nyumbani mara tatu kwa mwaka, na kila niliporudi niliwakuta wawili wakicheka jambo ambalo ilibidi nielezwe.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya kijijini mwaka wa 1966, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1972, akaendelea na sekondari kuanzia 1973 hadi kidato cha nne mwaka wa 1976, ambapo matokeo yake hayakumwezesha kuendelea na kidato cha tano. Nataja jambo hili kwa sababu katika miaka hiyohiyo mimi nilikuwa nikisomea shahada yangu ya botania Nairobi, na baba yetu alizoea kuwaambia wageni kwamba ana binti mmoja wa vitabu na mmoja wa sufuria, nami nilipokuwa kijana niliusikia msemo huo kama sifa yangu.

Yale ambayo hakuyapata darasani aliyapata porini. Mama Marcella alimfundisha mnavu mchungu na mnavu mtamu, mgagani, mitoo, mrenda, atipa ile inayoteleza na kuota yenyewe kando ya mashamba, uyoga wa vichuguuni, na kumbikumbi wa mchana ambao huitwa watoke kwa kufunika kichuguu kwa blanketi na kupiga vijiti juu yake mpaka wadhani mvua inanyesha. Alimfundisha kuchoma maganda ya maharagwe, kuchuja majivu yake ili kupata maji ya chumvichumvi ya kulainishia mboga, na kupika mboga chungu kwa siku tatu, kuchemsha na kupoza, kuongeza maziwa na kuchemsha tena, hadi uchungu ubaki kidogo tu kwenye ncha ya ulimi. Mwaka wa 1993 nilimwuliza mama kwa nini hakunifundisha mimi niliyemzaa, naye akanijibu bila kuacha kupepeta, "Kwani wewe ulitaka kufundishwa? Kila likizo ulikuja na kitabu, unasoma mpaka sahani inapoa." Jibu hilo ni la kweli, na ukweli wake haukunipunguzia chochote.

Mwaka wa 1977 alisomea upishi mjini Kisumu kwa muda wa miezi kumi na moja, na mwezi Februari 1978 akaajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya wasichana ya bweni mjini Homa Bay, ambako alifanya kazi kwa miaka tisa. Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na Bwana Nicodemus Omollo, karani wa idara ya uvuvi, mwana wa boma hili, na Mungu akawajalia watoto watatu, Sammy aliyezaliwa mwaka wa 1982, Metrine mwaka wa 1985, na Levis mwaka wa 1989. Wakwe zake walimwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, na ingawa mimi pia ni binti wa Uriri, na ndimi niliyetangulia kuzaliwa, sijawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Mwezi Machi 1987 aliacha kazi ya shule, akafungua hoteli ndogo mjini Homa Bay, kwenye barabara inayoshuka gatini, meza nne na benchi moja la nje, akawa anapika mboga za porini na dagaa wetu wa ziwani, omena, na makarani wa serikali, wachuuzi na mahakimu wakawa wanakaa benchi moja wakisubiri sahani. Niliwahi kula pale mara mbili kwa miaka mitano, na mara zote mbili nilitoa kasoro.

Sasa nafika siku ya Jumamosi, tarehe 9 Mei 1992, ambayo naikumbuka kwa saa na dakika. Bwana Mubarak, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, ambaye yupo nasi hapa, alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu Migori mwenye shahada anayejua mimea ya porini ya eneo letu, akaja na wapiga picha wawili mpaka kwetu Uriri. Aliyealikwa ni mimi. Nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na moja, nikaanza na jina la ukoo wa mmea, kisha jina la spishi, kisha umbo la jani, kisha mahali unapoota, kwa mpangilio. Risper alikuwa amekuja kutoka Homa Bay kwa sababu moja tu, kwamba wageni hao wapate chakula cha mchana. Nilikuwa kwenye ukurasa wa nne kuku mmoja aliporuka juu ya meza ya Risper pale barazani, naye akampiga kwa mwiko akisema, "Wewe kuku, ngoja zamu yako, leo ni siku ya mboga!" Mpiga picha mmoja akacheka. Kamera ikageuka.

"Mama, hebu sema tena hivyo," Bwana Mubarak akamwambia.

"Nimwambie nani, wewe ama kuku?"

Walimpiga picha kwa muda wa saa mbili na robo, akipika na kuongea, akimtania Bwana Mubarak kwamba mtu wa Nairobi huogopa mrenda kwa kuwa hauwezi kuliwa kwa uma, na mama yangu Marcella akakaa kando yake kwenye kigoda, ameshavaa kitambaa cha Jumapili. Walipokuwa wakipakia mitambo, Bwana Mubarak alinishika mkono kwa adabu akaniambia, "Mwalimu, asante, imekuwa somo zuri sana. Tutakuita." Nilisubiri kuitwa hadi Agosti. Jioni ile, Risper alipokuwa akiosha sufuria, nilimwambia kwa sauti ambayo mama aliisikia kutoka nje, "Usinitaje kamwe katika mambo yako hayo." Akanitazama, akasema, "Sawa, dada, ukisema."

Kipindi kilichoitwa Sufuria ya Porini kilianza Jumapili, tarehe 4 Oktoba 1992. Vilirushwa vipindi mia moja themanini na saba, nami nilivitazama vyote, ama vikirushwa mara ya kwanza ama vikirudiwa, nikiwa na daftari mkononi, na nataka ieleweke kwamba sikununua daftari lile kwa mapenzi. Niliandika kila kosa. Niliandika alipoita tunda mbegu, niliandika alipotaja Rongo akimaanisha Ranen, niliandika kila aliposema "mama yangu alinifundisha hivi," na Kenya nzima ikaamini kwamba Marcella Otuoma amezaa mtoto mmoja tu. Mjini Migori wanafunzi wangu walianza kuniuliza kama kweli nina undugu na yule wa tivi, na siku ya wazazi ya mwaka wa 1994 mwalimu mkuu aliyenitambulisha kwa Mkuu wa Wilaya hakutaja shahada yangu wala miaka yangu kumi na sita ya kufundisha, alisema, "Na huyu ni dada yake Risper." Mkuu wa Wilaya akasimama kunisalimia. Mama yangu naye, kila Jumapili jioni, alijipaka mafuta, akavaa viatu, akaenda kukaa mbele ya televisheni ya jirani kama mtu aliyealikwa chakula, na mimi, mtoto wa tumbo lake, sikuwahi kuvaliwa viatu kwa jambo lolote nililofanya.

Katika vipindi vyote hivyo mia moja themanini na saba hakunitaja hata mara moja. Nilikuwa nikingoja anitaje. Nilikuwa nimemkataza, naye alikuwa ametii, na kila Jumapili nilimchukia kwa kutii.

Mwezi Novemba 1995 kampuni ya viungo ilianza kudhamini kipindi, na hapo ndipo swali ambalo limegawanya watu wengi, hata katika hema hizi, lilipozaliwa, swali la kama mpishi wa porini amegeuka mchuuzi. Alivaa aproni yenye nembo. Alipika kumbikumbi katika hoteli moja kubwa ya Nairobi, wakaletwa mbele ya wageni wakiwa wamechomwa vijiti vya meno, mmoja mmoja, kana kwamba kuna mtu amewahi kula kumbikumbi mmoja. Na jambo zito kuliko yote, mboga chungu ambayo Mama Marcella huipika kwa siku tatu, yeye alianza kuipika kwa dakika ishirini, akiweka kipande cha kiungo cha kampuni mahali pa maji ya majivu.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1996, gazeti moja la Kiswahili lilichapisha barua ndefu yenye kuuliza kama Risper Aluoch ameuza jiko la wazee wetu, iliyotiwa sahihi Mpenda Ukweli, Migori. Mpenda Ukweli ni mimi. Najua wengine mlishakisia, kwa maana siku ileile Bwana Suleman, mwenye duka la nafaka mjini Migori, aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wateja, nami nikiwa nimesimama nyuma ya magunia ya njugu, na alipomaliza akakunja gazeti, akasema, "Huyu mtu ana uchungu. Hii si barua ya mboga, hii ni barua ya nyumbani."

Jumamosi iliyofuata Risper alikuja kwangu akiwa na kapu la mnavu na gazeti lile. Alikuwa amenitambua kwa sababu mimea ilitajwa kwa majina ya Kilatini, tena kwa mpangilio wa herufi. Aliketi, akanywa chai, akasema, "Dada, barua yako ni nzuri, imepangwa. Lakini umeandika nilianza kutumia kile kipande Januari tisini na sita. Ilikuwa Novemba, tisini na tano. Nilijua wewe hupendi tarehe ikikosewa." Nilimwuliza kwa nini ameacha zile siku tatu, naye akanieleza kwa upole uleule, "Mama wa Nairobi anafika nyumbani saa moja jioni, watoto wanalia. Siku tatu atazitoa wapi? Wacha aanze na dakika ishirini. Akishaizoea ladha, atanipigia simu aniulize ile ya Mama Marcella inapikwaje." Nikamwambia hakuna atakayepiga. Akacheka, akasema wameshapiga wengi, na kwamba huwaambia wasubiri, hiyo ni ya watu wasio na haraka. Nilimsindikiza mpaka njia panda, na nilipokuwa nikirudi watoto wa jirani walinikimbilia wakiniuliza kama mgeni wangu ameacha sahihi yake mahali popote.

Mwaka uleule wa 1996 ndipo alipoiunganisha kampuni na kikundi cha Uriri ili mboga zikaushwe kwetu na kupelekwa Nairobi kwa lori. Walioona katika jambo hilo uchuuzi mtupu, nami nikiwa wa kwanza wao, hawana budi kusikia yaliyotokea mwezi Aprili 1997. Lori lilifika Uriri siku ya Jumatano, na Mama Marcella alikuwa amekwenda Rongo kumwuguza dada yake, kwa hiyo kapu la nyumba ya kwanza halikuwa limechumwa. Dereva alisubiri. Afisa wa kampuni alikuja kwa gari dogo siku ya nne, amekasirika, akamwambia Risper mbele ya akina mama, "Mboga si ni mboga? Anzeni tu." Risper akamjibu, "Nyumba kubwa haijaanza." Afisa akamwuliza ni nyumba gani, kwa kuwa haoni ghorofa yoyote, na akina mama wakamcheka mpaka akaingia garini. Lori lilikaa siku tisa chini ya mti ulio karibu na posta, dereva akawa mtu wa kwetu, akazoea hata mrenda, na siku ya kumi mama alirudi, akachuma kapu lake bila kuambiwa kitu, na ndipo kazi ikaanza. Afisa yule angeweza kuvunja mkataba, na Risper alilijua jambo hilo vizuri kuliko sisi sote.

Na sasa naeleza ya mwaka wa 1998, ambayo sikuandikiwa na familia, ni mimi nimeyaongeza. Mwezi Aprili mwaka huo, wiki moja kabla ya lori kufika, nilimwendea mama yangu nikamwambia asichume. Nilimpa sababu za kitaalamu, kwamba mimea itaisha, kwamba ladha ya kiwandani itaua ladha yake, kwamba jina lake linatumiwa, na kila sababu niliitoa kwa nambari yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Ni hayo tu?" Nikasema ni hayo tu. Hayakuwa hayo tu. Mama hakuchuma, kikundi hakikuchuma, lori lilisubiri siku kumi na mbili likaondoka tupu, na muhula uliofuata baadhi ya watoto wa akina mama hawa walikaa nyumbani, wawili kati yao wakiwa wanafunzi wa darasa langu, ambao nilisoma majina yao kwenye rejista kila asubuhi na kuweka alama ya kutokuwepo.

Risper alijua. Akina mama walimwomba awaruhusu wachume, kwa kuwa mikono ni yao na pori ni la wote, akakataa kuipita nyumba ya mama aliyemvusha ua. Kampuni ilimwuliza sababu, gazeti likamwuliza sababu, na Jumapili moja ya Mei alitazama kamera akaiambia Kenya nzima kwamba mboga hazipo mwaka huu kwa kuwa mvua ya El Nino imeziozesha. Nilikuwa nimeketi na daftari langu. Mvua ilikuwa imeharibu mengi mwaka ule, lakini mnavu wa Uriri ulisimama hadi magotini. Niliandika katika daftari, kosa.

Mwezi Juni 1998 alianza kupata shida ya kumeza, kwanza ugali, kisha wali, kisha chai. Tarehe 17 Septemba madaktari mjini Kisumu walibaini kwamba ana saratani ya umio. Alirekodi kipindi chake cha mwisho, kilichorushwa Jumapili, tarehe 27 Septemba, ambamo alipika atipa bila kuionja, na hakuna mtazamaji aliyegundua isipokuwa mama yangu, ambaye alivua viatu kabla kipindi hakijaisha. Alitibiwa Nairobi kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Januari, akarudi hapa Rangwe tarehe 6 Februari 1999.

Nilichukua likizo, nikaja kumwuguza kuanzia tarehe 22 Machi. Nilimpikia mnavu kwa njia ya siku tatu, kwa maji ya majivu niliyoyachuja mwenyewe baada ya kuyamwaga mara mbili, nikauchuja mchuzi kwa kitambaa, nikampa vijiko viwili. Aliushika mdomoni kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni mboga ama ni dawa?" Alicheka, na kicheko kilimwumiza, na Nicodemus aliyekuwa amekaa mlangoni akacheka pia, na mimi hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilitamani ningekuwa mimi niliyesema neno lile.

Jumapili, tarehe 11 Aprili, tukiwa wawili tu chumbani, nilianza kumwambia habari ya mwaka jana. Hakunikubalia nimalize. Alisema, "Mwaka jana ilikuwa mvua, dada. Nilishasema kwenye tivi. Sasa unataka watu waone mimi ni muongo?" Kisha akauliza, "Na mwaka huu je?" Nilimgeuza upande, nikamnyoshea shuka, nikamwambia alale kwanza. Hilo ndilo swali la mwisho aliloniuliza, na sikumjibu.

Alifariki Jumanne, tarehe 13 Aprili 1999, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mikononi mwa mumewe, akiwa amebakiza siku moja atimize miaka arobaini.

Ndugu waombolezaji, je, alikuwa amegeuka mchuuzi? Mimi niliyeandika ile barua, na niliyepitia daftari langu lote upya katika usiku wa matanga, nasema mbele yenu kwamba kile kipande cha kiungo kilikuwa kosa, vijiti vya meno vilikuwa kosa, na ile aproni haikumpendeza, wala sitayafuta maneno hayo kwa sababu amelala hapa. Lakini mchuuzi huuza alichonacho mtu anapokitaka, naye aliliacha lori lisubiri siku tisa, kisha siku kumi na mbili, kwa ajili ya kapu moja la mwanamke mmoja, na mwaka jana aliyeweka bei juu ya mboga za Uriri ni mimi, nikidai nilipwe kwa kutajwa.

Kwa hiyo ninalijibu swali lake na lenu. Mama Nyamoita, Jumatano ijayo, tarehe 28 Aprili, matanga yakiwa yameisha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama yangu Marcella atachuma kapu la nyumba ya kwanza, mimi nitamshikia kapu, na baada ya hapo kila mmoja wenu achume. Ninyi mabwana wawili wa kampuni ya viungo mlio nasi hapa, lori lije, na katika kila pakiti iwekwe karatasi inayoeleza ile njia ya siku tatu, nitaiandika mwenyewe na haitazidi ukurasa mmoja. Sisemi kwamba wivu wangu umekwisha. Asubuhi ya leo nilipoona magari yalivyopangana hadi barabarani, nilijiuliza ni mangapi yatakuja kwenye mazishi yangu. Nitalishika kapu nikiwa na wivu huo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisumu na Nairobi waliomhudumia bila kuchoka, muuguzi wa zahanati ya hapa aliyekuja kila jioni kwa baiskeli hata siku za matope, majirani wa Rangwe waliotuletea kuni na maji, wafanyakazi wa hoteli yake, wenzake shemeji yetu Nicodemus wa idara ya uvuvi waliosimama naye, Bwana Mubarak na wapiga picha wake kwa kuja bila kamera, kampuni ya viungo kwa kukubali kuliondoa bango lao langoni walipoombwa na wazee, na mwalimu mkuu wangu kwa kunipa ruhusa ya majuma matano.

Risper, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, jibu lako limechelewa siku kumi na tatu. Pumzika sasa, hakuna anayekuharakisha.